Boti, si Meli

Agosti 28, Jumapili

Tumeondoka Marquette saa nne badala ya saa mbili kwa sababu Reino hakuridhika na namna nilivyopanga masufuria kabatini. Mume wangu alishika usukani kwenye vyombo vya kubebea madini ya chuma kwa miaka kumi na minane, kisha akawa nahodha kwa miaka ishirini na mitatu. Mtu wa namna hiyo haondoki mpaka kila kitu kimefungwa kamba. Gari-nyumba letu lina jiko la gesi, meza, vitanda viwili na choo, na kila asubuhi hulikagua kama kwamba tunavuka Ziwa Superior mwezi wa Novemba.

Safari ni ya wiki tatu. Tunakwenda Kessler, mji mdogo wa bandari kwenye Ziwa Huron. Makumbusho ya mabaharia ya huko yamenunua chumba cha usukani cha Harlan Moody, chombo cha kwanza alichokabidhiwa Reino kama nahodha. Chombo chenyewe kimekatwakatwa na kuwa chuma chakavu. Kilichobaki ni chumba hicho, wamekiweka kwenye nyasi. Reino amekuwa akikizungumzia tangu Machi.

Binti yetu Karin alipiga simu kabla hatujaondoka. Aliuliza kama baba yake bado anaendesha vizuri, maana ana miaka sabini na tisa. Nilimjibu kwamba baba yake anaendesha vizuri kuliko mumewe.

Agosti 29, Jumatatu

Mvua. Reino ameniuliza mara tatu kama nimefunga gesi. Nilikuwa nimeifunga.

Agosti 31, Jumatano

Mvua imekatika. Tumepiga kambi juu ya ufuko na kula mikate ya nyama na viazi niliyooka nyumbani. Reino alimwandikia Karin kadi ya posta: "Leo tumeona boti mbili zikipita, moja ndefu sana." Nilichukua kalamu, nikafuta boti na kuandika meli.

"Mwalimu," alisema, "hiyo ni boti."

Nilimwambia kwamba chombo chenye urefu wa mita mia tatu hakiwezi kuitwa boti. Boti ni kitu cha kuvulia samaki. Kamusi zote zinasema hivyo.

"Kamusi haijawahi kupita malango ya maji ya Soo. Meli ni za maji ya chumvi. Huku ziwani ni boti, hata iwe ndefu kama Jumapili ya kanisani kwenu."

Haya ndiyo mabishano yetu ya tangu tulipooana, miaka hamsini na miwili sasa. Nimefundisha sarufi katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na minane. Kuna wanafunzi wangu ambao leo ni mahakimu na hawathubutu kuniandikia barua bila kuisoma mara mbili. Lakini neno hilo moja sijaweza kulitoa kinywani mwa mume wangu. Kadi imekwenda na neno langu, na chini yake yeye ameandika: "Mama yako ndiye aliyeandika meli."

Septemba 2, Ijumaa

Mvua tena. Gesi, mara nne.

Septemba 5, Jumatatu

Sikukuu. Kambi imejaa watu na moshi wa nyama. Reino alizungumza na jirani kutoka Ohio kwa saa nzima na kumwambia kisa cha dhoruba ya mwaka wa sabini na tano. Baada ya chakula cha mchana alimwambia kisa kilekile. Jirani alikuwa mtu wa adabu, akacheka palepale alipocheka mara ya kwanza. Nilimwambia Reino kwamba kurudia hadithi ni kosa la mtu asiyemsikiliza mwenzake. Alisema nimesema kweli.

Septemba 7, Jumatano

Upepo wa kaskazini. Hatukutoka.

Septemba 10, Jumamosi

Tumevuka salama daraja kuu, lile linalopita juu ya maji kati ya maziwa mawili. Maili thelathini baadaye tulifika kwenye makutano yenye taa. Taa ilikuwa ya kijani. Reino alisimama. Alisubiri kwa utulivu, mikono miwili juu ya usukani, akitazama mbele. Ilipogeuka nyekundu, akaondoka.

Lori la magogo lilitupita nyuma kwa umbali ambao sitauandika. Honi yake niliisikia mpaka kwenye meno. Vikombe viwili vilianguka.

"Dereva yule hana malezi," alisema Reino.

Nilimkaripia kama sijamkaripia kwa miaka mingi. Nilimwambia huo ni uzembe, kwamba mtu anayeangalia hakosei rangi, kwamba angetuua sisi na yule dereva. Nilitumia neno uzembe mara nne au tano. Hakubisha. Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akalizunguka lote kulikagua, akarudi kuketi.

"Kila kitu kiko sawa," alisema. Kisha akauliza kama nimefunga gesi.

Septemba 11, Jumapili

Tulipata kanisa dogo la watu wetu, wenye asili ya Ufini. Waliimba wimbo mmoja wa zamani kwa Kifini. Reino aliimba beti zote sita bila kitabu, sauti yake haikutetereka. Mimi nilihitaji kitabu. Nilitoka kanisani nimefurahi kuliko wimbo ulivyostahili. Mtu anayekumbuka beti sita hana kasoro ila uzembe.

Septemba 12, Jumatatu

Ukungu. Tumefika Kessler. Kambi iko maili mbili kutoka makumbusho. Reino amenyoa ndevu jioni, kwa ajili ya kesho.

Septemba 13, Jumanne

Nitaandika mambo kwa mfuatano wake.

Tulifika makumbusho saa nne. Reino alivaa koti lake la bluu na kofia ya zamani ya kampuni. Ndani kuna mambo ya kawaida ya makumbusho ya namna hii: nanga, kengele, taa ya mnara, picha za vyombo vilivyozama na majina ya waliozama navyo. Reino alipita haraka. Mbele ya ramani kubwa ya maziwa matano alisimama muda mrefu, kidole chake kikifuata njia kutoka Marquette kwenda Cleveland. Kilifika Soo kikasimama, kikarudi, kikaanza upya. Nilidhani anakumbuka jambo fulani. Sasa najua alikuwa anatafuta njia.

Chumba cha usukani kiko nje, upande wa ziwa. Mtu hupanda ngazi ya chuma. Juu tulikuta wageni kama kumi, na mzee mmoja wa kujitolea aliyevaa sweta nene, mnene wa kifua, jina lake limeandikwa kwenye kibandiko: Delbert Voss. Alikuwa anawaeleza wageni kazi za vyombo, na alisema yeye mwenyewe alishika usukani ziwani kwa miaka thelathini. Ni mtu wa mizaha na anajua kuifanya. Alipomaliza aliuliza kama yupo kati yetu aliyewahi kufanya kazi majini.

Reino aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Mimi nilikuwa nahodha wa meli hii," alisema.

Nilisikia neno hilo nikadhani sikusikia vizuri.

"Wa nini hii?" aliuliza Voss.

"Meli hii. Ilikuwa meli nzuri sana."

Voss aliwageukia wageni akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Mabibi na mabwana, hili ni somo la bure. Mtu wa ziwa hasemi meli. Mama yake angempiga kofi. Akisema meli, basi ama ametoka baharini, ama ametoka dukani kununua kofia."

Walicheka. Reino naye alicheka kidogo, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka.

"Haya, Kapteni," Voss akaendelea, "tusikuonee. Boti yako ya mwisho kabla ya kustaafu iliitwaje?"

Reino alifungua kinywa. Jina la chombo hicho aliliandika kwenye bahasha za barua zake kwa miaka kumi na moja. Limechongwa kwenye saa iliyo ukutani sebuleni kwetu. Alitazama mikono yake, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Uso ule naujua. Ni uso wa mwanafunzi ambaye hakusoma na anajua kwamba mwalimu anajua. Nimeuona mara elfu. Kila mara nimesubiri kimya mpaka mwanafunzi aone aibu, maana huo ndio mwanzo wa kujifunza, na sijawahi kumpa hata mmoja jibu.

Nilimpa jibu.

"Edna Carmody," nilisema. "Na hilo neno meli, bwana, usimlaumu yeye. Mimi ni mwalimu wa sarufi. Nimemsahihisha kwa miaka hamsini na miwili, na leo hatimaye ametii. Umeshuhudia ushindi wangu."

Wageni walicheka tena, safari hii wakiwa upande wetu. Mwanamke mmoja alimpigapiga Reino begani na kumpa pole kwa kuoa mwalimu. Reino alisema kwa heshima kwamba ni kazi ngumu lakini chakula ni kizuri.

Voss hakucheka. Alimtazama Reino, akanitazama mimi, akavua kofia. Aliwaomba wageni wasogee. "Kapteni Kangas," alisema, maana jina lilikuwa kwenye koti, "tafadhali shika usukani. Umekaa bila mtu muda mrefu."

Reino aliushika. Miguu yake ilijipanga yenyewe na mabega yakanyooka. Alisimama hivyo akitazama nyasi na maegesho ya magari, na hapakuwa na mtu pale ambaye angeweza kusema kwamba yule si nahodha. Nilishuka ngazi kabla yake, nikamsubiri kwenye nyasi.

Njia ya kurudi kambini aliendesha yeye. Mimi sijui kuendesha gari-nyumba. Sikuwahi kujifunza, na hilo pia ni kosa. Maili mbili. Kwenye mlango wa kambi alisimamisha gari bampa ikigusa nguzo, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, sisi tunakaa upande gani?"

Tumekuwa hapa tangu jana.

Nimempa chai na mkate wa iliki, naye sasa amelala kidogo. Najua nilichokisikia leo. Mtu aliyenibishia kwa miaka hamsini na miwili hakushindwa hoja. Neno lake limetoka, na langu limeingia kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi. Na Jumamosi nilimwita mzembe.

Septemba 14, Jumatano

Mvua. Kabla Reino hajaamka nilichukua funguo za gari nikaziweka ndani ya kopo la unga.

Alizitafuta kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Alitazama mifukoni, chini ya godoro, ndani ya viatu, ndani ya sukari. Alitoka kwenye mvua akatazama chini ya gari kwa tochi. Mimi nilikuwa nafuma soksi. Aliporudi maji yakimtiririka, alisema: "Nisamehe, Mwalimu. Nimezipoteza. Sijui nimekuwa mtu wa namna gani."

Sikumjibu. Niliandika hapa kwamba nimesema uongo, kisha nikafuta, kwa kuwa sikutamka neno. Sasa naandika tena: nimesema uongo.

Saa tisa, Reino akiwa amelala, Delbert Voss alikuja na samaki wa moshi aliyefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ametuulizia katika kambi mbili kabla ya hii. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu kama mtu mwenye mdomo mchafu, na nilimwacha asimame nje. Tukazungumza chini ya turubai, mvua ikigonga juu yetu.

Alisema amekuja kuomba radhi. Mkewe, Irma, ambaye sasa ni marehemu, alianza kwa namna hiyohiyo. Uma aliuita kile cha kuchomea. Paka wao wa miaka tisa alimwita yule mgeni. Yeye Voss alicheka miezi sita mizima akidhani ni mizaha, maana katika nyumba yao kila kitu kilikuwa mizaha. "Jana nimemcheka mtu anayezama," alisema. "Mimi, ambaye ningepaswa kumtambua kutoka maili tano."

Nilimwambia kuhusu taa. Nilimwambia hata kuhusu kopo la unga, jambo ambalo sikukusudia.

"Umemwambia yeye?" aliuliza.

"Bado."

"Mama, nisamehe. Mwalimu mzima, unaliona kosa, na hulisemi?"

Nilisema hili si kosa. Alisema ndiyo, ndiyo maana ni vigumu kulisema. Kisha alisema yuko tayari kutuendesha mpaka Marquette kesho, na atarudi kwa basi. Hana kitu kinachomngoja isipokuwa yule paka.

Nimempigia Karin simu. Nimemweleza yote kwa sentensi fupi. Alilia. Atakuwa nyumbani tukifika.

Septemba 15, Alhamisi

Mbingu safi, baridi kali.

Baada ya kifungua kinywa niliweka funguo mezani, zikiwa bado na unga.

"Hukuzipoteza," nilimwambia. "Nilizificha mimi, na nikakuacha uzitafute kwenye mvua. Hilo lilikuwa baya na naomba unisamehe."

Alizipangusa unga kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno laini. Sikuyatumia, kwa kuwa sijawahi kuzungumza naye kwa maneno laini na angedhani anaongea na mtu mwingine. "Kwa sababu Jumamosi ulipita kwenye taa nyekundu na nusura tufe. Kwa sababu juzi hukulikumbuka jina la Edna Carmody, na hukujua kambi yetu iko wapi. Huu si uzembe, Reino. Nilikosea kuuita uzembe. Ni ugonjwa. Na kwa sababu uliita boti meli."

Alizirudisha funguo mezani. "Hilo la meli," alisema, "nilidhani litakufurahisha."

Nilianza kupangusa unga uliobaki mezani.

"Hapana," akasema tena. "Nasema uongo. Lilikuja lenyewe. Lile jingine nililitafuta, halikuwepo." Alinitazama. "Kumbe na wewe umeliona. Nilidhani ninalificha vizuri."

Alikuwa akijua tangu majira ya kuchipua. Kila alipouliza kuhusu gesi, alijua kwamba amekwisha kuuliza, ila hakujua jibu. Kwa hiyo wakati mimi nilipomhesabia maswali yake humu ndani, yeye alikuwa anahesabu vilevile, peke yake.

Tulishikana mikono juu ya meza kama watu waliotoka kuposana.

Voss alifika saa tatu. Nilimweleza Reino kwamba bwana huyu atatuendesha mpaka nyumbani. Hapo sura yake ikabadilika, akasimama. Alisema hachukui rubani. Meli za chumvi zikiingia maziwani lazima zichukue rubani wa kuzionyesha njia kwa kuwa ni ngeni. Nahodha wa ziwa ni rubani wake mwenyewe, na cheti chake kinasema hivyo. Yeye hatakwenda nyumbani kama mgeni ndani ya maji yake.

Nilikuwa karibu kumkatiza. Voss, akiwa mlangoni na kofia mkononi, alinitangulia.

"Kapteni, mimi sikuwahi kuwa rubani. Mimi ni mshika usukani tu. Miaka thelathini nimegeuza nilikoambiwa. Rubani ni wewe. Nahitaji mtu wa kuniambia."

Reino alimpima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Unaweza kunyamaza?"

"Si kwa urahisi."

"Basi tutaona." Akampa funguo.

Alikagua masufuria, akakaa kiti cha mbele upande wa kulia. Mimi nilikaa nyuma, kwenye meza, daftari hili mapajani. Ziwani, nahodha akitoa amri, mshika usukani huirudia kwa sauti kabla ya kuitekeleza ili pasiwe na makosa. Sikulijua hilo mpaka leo.

"Taratibu mbele," alisema Reino.

"Taratibu mbele, Kapteni," alisema Voss, na tukatoka kambini.

Ilikuwa hivyo kwa saa nne. Kushoto kidogo. Kushoto kidogo, Kapteni. Nyoosha hivyohivyo. Hivyohivyo, Kapteni. Mahali pengine barabara ilikuwa imenyooka mpaka upeo wa macho na hapakuwa na la kuamriwa, lakini Reino aliamrisha, na Voss alirudia kila neno bila kupunguza hata moja. Kwenye daraja kuu waliongea kwa kunong'ona kwa sababu ya upepo.

Baada ya daraja tulitoka kwenye barabara kuu tukafika njia panda msituni. Kushoto ni Marquette. Kulia ni upande wa Soo, kwenye malango ambayo boti zote hupitia.

"Kulia," alisema Reino.

"Kulia, Kapteni," alisema Voss, na akageuza usukani kushoto.

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Kibao kilipita dirishani, jina la mji wetu likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na niliona midomo ya mume wangu ikilisoma.

"Umekwenda kushoto," alisema.

"Ndiyo, Kapteni. Nimekosea."

Reino alitazama miti ikipita, mmoja mmoja ukiwa umeanza kuwa wa manjano. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia.

"Hukukosea," alisema. "Endelea hivyohivyo."

"Hivyohivyo, Kapteni."